Mwili wa Msafiri Katika Milima Mirefu

Tarehe 15 Aprili 1875 Wafaransa watatu walipaa kwa puto lililoitwa Zénith. Kwa muda wa saa chache walifika kimo cha mita 8,600 hivi kutoka usawa wa bahari. Walikuwa wamechukua mifuko ya oksijeni, lakini walipoihitaji mikono yao ilikuwa imekwisha kulegea, nao wakazirai. Puto lilipotua, Sivel na Crocé-Spinelli walikuwa wamekufa. Tissandier peke yake alinusurika. Tarehe 8 Mei 1978 Reinhold Messner na Peter Habeler walisimama juu ya kilele cha Everest, chenye kimo cha mita 8,849, bila ya kutumia oksijeni ya mitungi, kisha wakateremka salama. Katika miaka hiyo 103 maumbile ya binadamu hayakubadilika. Tofauti kubwa ilikuwa ni muda: wale wa puto walipanda kwa saa, hawa wa Everest walikuwa wamekwisha kuishi mlimani kwa wiki kadhaa.

Husemwa mara nyingi kwamba huko juu hakuna oksijeni. Usemi huo hauna budi kusahihishwa darasani. Oksijeni ni asilimia 21 ya hewa katika ufuko wa Tanga, na ni asilimia 21 vilevile juu ya Everest. Kinachopungua ni kanieneo la hewa yote kwa jumla, na pamoja nalo sehemu ya kanieneo hilo inayotokana na oksijeni. Jambo hili lilithibitishwa na Mfaransa Paul Bert, aliyechapisha kitabu chake juu ya kanieneo la hewa mwaka 1878.

Hesabu yake ni nyepesi. Hewa ivutwayo hulowanishwa na mvuke wa maji kabla ya kufika mapafuni, na kwa kuwa joto la mwili ni lile lile popote, kanieneo la mvuke huo ni milimita 47 za zebaki, iwe pwani au mlimani. Pwani, kanieneo la hewa ni milimita 760. Ukitoa 47 hubaki 713, na asilimia 21 yake ni 150 hivi. Katika kambi ya chini ya Everest upande wa Nepali, kwenye mita 5,364, kanieneo la hewa ni milimita 400 hivi. Ukitoa 47 hubaki 353, na asilimia 21 yake ni 74. Kwa hiyo msafiri aliyefika kambini hupata kanieneo la oksijeni lililopungua hata chini ya nusu ya lile alilozoea.

Mwili hufanya nini? Mwanafunzi aliyeulizwa swali hili hujibu upesi kwamba mwili huongeza chembe nyekundu za damu. Jibu hilo ni la kweli, lakini chembe mpya za kutosha huhitaji wiki nyingi, na msafiri hawezi kuzingoja. Kazi ya siku za mwanzo hufanywa na pumzi na figo. Vihisio vidogo vilivyoko shingoni, kando ya mishipa ya damu iendayo kichwani, hutambua upungufu wa oksijeni na kuuamuru mwili upumue kwa kasi na kwa kina. Lakini kupumua hivyo hutoa kabonidayoksaidi nyingi mno, damu huelekea kuwa ya alkali, na hali hiyo hupunguza tena msukumo wa kupumua. Usiku mvutano huu huonekana waziwazi: aliyelala huacha kupumua kwa sekunde kadhaa, kisha hushtuka na kuvuta pumzi nzito, na mwenzake hemani hupata hofu. Kinachosuluhisha ni figo, ambazo hutoa baikaboneti katika mkojo mpaka damu ikaribie hali yake ya kawaida na pumzi iwe huru. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa. Kuamka mara kwa mara kwenda haja ndogo katika baridi kali ni kero, lakini kwa kawaida ni dalili njema.

Hapo ndipo safari ndefu ya miguu inapoonyesha faida yake. Msafara wa Waingereza wa mwaka 1953 ulitembea zaidi ya wiki mbili kutoka bonde la Kathmandu kabla ya kulikaribia Everest. Mwaka 1964 kiwanja cha ndege kilijengwa Lukla, kwenye mita 2,800 hivi, na safari ya siku nyingi ikawa ya dakika chache. Mwaka 1976 madaktari Hackett na Rennie walitangaza matokeo ya uchunguzi wao juu ya wasafiri 278 waliopita Pheriche, kwenye mita 4,243. Asilimia 53 walikuwa na ugonjwa wa milimani, na waliofika Lukla kwa ndege waliugua zaidi na kwa ukali zaidi kuliko waliotembea tangu chini.

Ugonjwa wenyewe huanza kwa kuumwa kichwa, kichefuchefu na uchovu. Ukizidi, maji huweza kujaa katika mapafu, na mgonjwa akahema hata akiwa amekaa. Au ubongo ukavimba, na mgonjwa akashindwa kutembea juu ya mstari ulionyooka, kisigino mbele ya kidole. Mtu wa namna hiyo huteremshwa mara moja, hata kama ni usiku. Dawa na oksijeni ya mitungi husaidia, lakini hazichukui mahali pa kuteremka.

Kanuni inayopendekezwa leo ni kwamba, kupita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne pawe na siku ya kupumzika. Sasa na tutazame njia ya Marangu, Kilimanjaro, kwa safari ya siku tano: usiku wa kwanza Mandara, mita 2,700 hivi, wa pili Horombo, 3,700, wa tatu Kibo, 4,700, na alfajiri yake Uhuru, 5,895. Kila usiku umeongezwa mita elfu moja. Waongozaji huhimiza "pole pole", na wana haki, kwani hatua za taratibu hupunguza mahitaji ya oksijeni. Lakini upole wa hatua hauongezi idadi ya usiku, na figo huhesabu usiku. Siku ya ziada pale Horombo ina thamani kuliko viatu vya bei kubwa.

Wapagazi nao wamo katika hesabu hii. Wengi wa wabebao mizigo katika Himalaya si Washerpa wa milimani bali ni wakulima wa mabonde ya chini, na miili yao huanza kuzoea siku ile ile inapoanza miili ya wageni, tena chini ya mzigo. Mpagazi anayehofia kukosa ujira hasemi kwamba kichwa kinamuuma. Jioni, wageni wanapopimwa kwa kutembea juu ya mstari, naye huitwa apimwe.