Sikukuu ya Mavuno: Ilitoka Wapi, na Yatudai Nini?



Kila mwaka tangazo la Sikukuu ya Mavuno linaposomwa kanisani, sote twajua la kufanya. Akina mama hupamba kanisa kwa majani na maua, vijana hufagia uwanja, na wazee wa kanisa hutafuta mtu mwenye sauti ya kuendesha mnada. Siku ikifika, mikungu ya ndizi hupangwa mbele ya altare pamoja na maharage, mahindi, viazi, kahawa, mayai na kuku aliyefungwa miguu. Tunaimba, tunatoa, tunanunua, tunarudi nyumbani. Lakini mtoto wa Shule ya Jumapili akituuliza, "Sikukuu hii ilianza wapi?" wengi wetu hatuna jibu. Basi katika somo hili tuangalie chanzo chake, kwa maana mtu asiyejua chanzo cha desturi aweza kuishika sana huku maana yake imekwisha kumpotea.

1. Mavuno katika Israeli

Wana wa Israeli waliamriwa kufanya sikukuu tatu kila mwaka (Kutoka 23:14-17), na zote tatu zilifungamana na shamba. Wakati wa Pasaka shayiri ilikuwa inaanza kuiva, na kuhani alitikisa mganda wa kwanza mbele za Bwana. Siku hamsini baadaye, wakati wa ngano, ililetwa mikate miwili ya unga mpya. Hiyo ndiyo Pentekoste. Mwisho wa mwaka wa shamba, zabibu na zeituni zilipokwisha kukusanywa, walifanya Sikukuu ya Vibanda.

Tusome Kumbukumbu la Torati 26:1-13. Mkulima huweka malimbuko katika kikapu na kumpelekea kuhani. Lakini haweki kikapu chini na kwenda zake. Hana budi kusimulia habari: jinsi wazee wake walivyokuwa wageni wasio na ardhi, walivyoteswa Misri, na Bwana alivyowatoa na kuwapa nchi. Ndipo anapofurahi, na furaha yenyewe si ya peke yake. Mlawi na mgeni wanatajwa mumo humo. Yatima na mjane wanatajwa mara baada yake.

Tena tuangalie Mambo ya Walawi sura ya 23. Sura hiyo yote yaeleza sikukuu, tarehe zake na sadaka zake. Ghafula, katika mstari wa 22, inaingia amri ya kutovuna pembe za shamba, bali kumwachia maskini na mgeni. Amri hiyo haikupotea njia. Imewekwa katikati ya sikukuu makusudi, ili mtu asidhani kwamba akiisha kumpa Mungu mganda wake, amemaliza. Kwa amri hiyo Ruthu Mmoabi, mjane na mgeni, aliokota masazo katika shamba la Boazi tangu mavuno ya shayiri hata mwisho wa mavuno ya ngano. Naye ametajwa katika ukoo wa Bwana wetu (Mathayo 1:5).

2. Mavuno katika Kanisa la Kianglikana

Huko Uingereza, katika siku za kale, tarehe 1 Agosti watu walileta kanisani mkate uliookwa kwa ngano mpya. Desturi hiyo ilififia baadaye. Ikabaki karamu ambayo mwenye shamba aliwaandalia vibarua wake mwisho wa mavuno, yenye chakula, nyimbo na pombe nyingi, lakini nje ya kanisa.

Mwaka 1843 kasisi mmoja, Robert Stephen Hawker, aliyekuwa na mtaa wa Morwenstow katika jimbo la Cornwall, aliwaita waumini wake waje kanisani siku ya Jumapili ya kwanza ya Oktoba kumshukuru Mungu kwa mavuno, na kupokea Ushirika Mtakatifu kwa mkate uliotokana na ngano mpya. Morwenstow ni mahali pa pwani yenye miamba, ambapo meli nyingi zilivunjika, na kasisi huyo alijulikana kwa kuwazika kwa heshima mabaharia waliotupwa ufuoni, watu ambao hakuna aliyewajua. Jambo alilolianza lilienea upesi. Makanisa mengine yakaanza kupambwa kwa matunda na mboga, na wamisionari wakaja nayo desturi hiyo hata Afrika. Kwa hiyo ibada yetu ya Mavuno, kwa namna tunavyoifanya, bado haijafikisha miaka mia mbili, ingawa mizizi yake ni ya tangu Musa.

3. Mavuno katika Buhaya

Je, kabla ya wamisionari wazee wetu hawakujua kushukuru? Walijua. Mtu alipotengeneza rubisi, sehemu yake ilitengwa kwa ajili ya mukama, na sehemu kwa wazimu wa ukoo. Sisi hatuwatolei wazimu tena, na utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963. Lakini wazee wetu walikuwa wamekwisha kushika jambo moja: kwamba kinachotoka katika kibanja si cha mwenye kibanja peke yake. Na tangu Injili ilipohubiriwa kwa Kihaya, neno hilo Mukama ndilo tunalomwita Bwana Mungu wetu.

Hata hivyo kuna tofauti moja kubwa kati yetu na nchi za ngano. Mwenye ngano anayo siku ya kusema, "Tumemaliza kuvuna." Sisi tunao msimu wa kahawa, tunao msimu wa maharage, tunao hata msimu wa senene, lakini mgomba haungoji msimu. Leo wakata mkungu, mwezi ujao mwingine umekomaa. Ndiyo maana ni vigumu kwetu kushukuru kwa ajili ya ndizi. Kitu kilichopo mezani kila siku hakionekani kuwa zawadi, mpaka siku kinapokosekana.

4. Siku kinapokosekana

Siku hiyo imekwisha kuwafikia wengi. Mnyauko wa migomba uliandikwa kwanza huko Ethiopia mwaka 1968, ukaonekana Uganda mwaka 2001, na mwaka 2006 ukagunduliwa mkoani kwetu Kagera, katika wilaya ya Muleba. Majani hugeuka manjano na kunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati, na ndani huoza. Ugonjwa huchukuliwa na wadudu wanaotembelea maua, na panga lililokata mgomba mgonjwa kisha likakata mzima, na machipukizi yaliyotoka katika shamba lenye ugonjwa. Mgomba ulioshikwa hauna dawa, hung'olewa.

Tunamfahamu mama mmoja ambaye mwaka aling'oa migomba yake hakuja kanisani siku ya Mavuno. Tulipomwuliza sababu alijibu, "Ningekuja na nini?" Jibu hilo lilituchoma. Alidhani Mavuno ni sikukuu ya wenye mikungu, na sisi ndio tuliomfundisha hivyo, kwa jinsi tunavyotangaza kwa sauti kuu nani ametoa nini na nani amenunua kwa bei gani. Kwa sheria ya Musa, yeye alikuwa mtu wa kwanza kualikwa.

Hatusemi kwamba mnada ni mbaya. Mnada una furaha yake, nazo fedha zake hulisaidia Kanisa. Lakini twashauri mambo matatu.

Kwanza, sehemu ya vitu vilivyoletwa isipigwe mnada hata kidogo. Itengwe kama pembe za shamba, nao wazee wa kanisa na Umoja wa Akina Mama waifikishe kwa nyumba zenye uhitaji kimya kimya, bila kutaja majina.

Pili, aliyepoteza migomba asaidiwe kupanda upya. Hapa upendo peke yake hautoshi, maana chipukizi lenye ugonjwa laweza kumwangamiza yule tunayetaka kumwinua. Tutoe machipukizi safi tu, kutoka katika shamba lisilo na ugonjwa. Hapa Maruku tunacho Kituo cha Utafiti wa Kilimo. Tuwaulize wataalamu kabla ya kugawa.

Tatu, tushike usafi wa shamba kama sehemu ya kumpenda jirani. Tusafishe panga kwa moto au kwa dawa ya kuua vijidudu kabla ya kupita mgomba hadi mgomba. Lile ua linaloning'inia chini ya mkungu tuliondoe mapema kwa kijiti chenye panda, si kwa kisu. Anayeficha ugonjwa shambani mwake kwa aibu anamdhuru jirani asiye na kosa.

Maswali ya kuzungumza

1. Soma Walawi 23:22. Katika kibanja chako, pembe za shamba ni zipi?
2. Kwa nini mkulima wa Israeli aliamriwa kusimulia habari za wazee wake alipoleta kikapu? Wewe ungesimulia nini?
3. Je, katika mtaa wetu yuko mtu asiyekuja siku ya Mavuno kwa sababu hana cha kuleta? Nani atakwenda kumwalika?

Basi, ndugu, tangazo la Mavuno litakaposomwa tena, tuanze kutengeneza vikapu vyetu. Lakini kabla ya kuchagua mkungu mzuri wa kupeleka, tupite kwanza kwa jirani, tubishe hodi, tumwambie kwamba siku hiyo tunamngoja, hata akija mikono mitupu.