Shinikizo la Damu: Adui Asiyebisha Hodi

Ndugu msomaji, wengi wetu huupima ugonjwa kwa maumivu. Pasipo kuumwa, hudhani pana afya. Dhana hiyo ni ya hatari kwa habari ya shinikizo la damu, liitwalo pia presha, kwani kwa kawaida halimwumi mtu hata kidogo.

Moyo husukuma damu mishipani, nayo damu hukandamiza kuta za mishipa. Nguvu hiyo hupimwa kwa tarakimu mbili: ya juu ni ya wakati moyo unapojikaza, na ya chini ni ya wakati unapolegea. Kipimo cha 120 kwa 80 ni chema. Ya juu ikifika 140, au ya chini ikifika 90, katika siku mbili mbalimbali, mtu huyo ni mgonjwa. Na apimwe akiwa ameketi kimya kwa dakika 5.

Sababu kwa wengi si moja: umri, urithi wa wazazi, chumvi nyingi, unene, uvivu wa mwili na ulevi. Kwa wachache hutokana na maradhi ya figo au ya tezi. Madhara yake ni makubwa: moyo hushindwa kazi, figo huharibika, macho hupoteza nuru, na mshipa wa ubongo ukiziba au kupasuka huleta kiharusi.

Je, kumeza dawa kila siku ni upungufu wa kumtegemea Mungu? Hasha! Mtume Mtukufu s.a.w. alifundisha kwamba hakuna ugonjwa usio na dawa, akahimiza matibabu. Hazrat Maulvi Nuruddin r.a., Khalifa wa Kwanza wa Masihi Aliyeahidiwa a.s., alikuwa tabibu wa Maharaja wa Jammu na Kashmir. Aliwaombea wagonjwa na kuwapa dawa pia.

Basi, pima hata kama huumwi. Chumvi isifike kijiko kimoja cha chai kwa siku. Usiache dawa kwa kuwa kipimo kimeshuka, maana kushuka huko ndiko kazi ya dawa. Ramadhani ikikaribia, mwulize daktari. Kurani Tukufu imemruhusu mgonjwa asifunge, alipe siku nyingine. Na asiyeweza kabisa atoe fidia ya kumlisha maskini. Kuipokea ruhusa ya Mwenyezi Mungu ni utii, wala si udhaifu wa imani.

Mwenyezi Mungu atujalie kuitunza amana hii ya mwili. Amin.