Acha Komafi Limjibu Mtoto

Katika mikoko ya delta ya Rufiji, kati ya michu na mikandaa, huota mti uitwao mkomafi. Tunda lake, komafi, ni la duara, gumu na zito, la rangi ya udongo, na likikomaa hupita ukubwa wa chungwa kwa mbali. Likipasuka humwaga mbegu kumi hivi, pengine zaidi, kila moja na pembe zake, wala huoni mbili zinazolingana sawasawa. Ndani ya tunda zilikuwa zimebanana bila kuacha upenyo. Jaribu kuzirudisha zilivyokuwa. Mtu mzima mwenye subira anaweza kuhangaika nazo hadi akaishia kucheka.

Sasa mpe mtoto wa miaka mitano, kisha ukae pembeni. Atashika mbegu mbili, atazigandamanisha, ataona mwanya. Atageuza moja, atajaribu tena. Hakuna aliyemwambia amekosea. Mwanya ndio uliomwambia.

Hapo ndipo penye msingi wa elimu inayomwachia mtoto aongoze. Ubongo hujifunza kwa kubashiri. Kabla mkono haujasukuma mbegu, ubongo umekwisha kukisia itakaa wapi. Matokeo yakipishana na makisio, ile tofauti ndiyo habari yenyewe, na miunganiko ya seli za ubongo hubadilika kidogo kidogo kwa kuifuata. Yanatakiwa mambo mawili: makisio yawe ya mtoto mwenyewe, na jibu limfikie angali anakumbuka alichotarajia. Mwalimu akiwahi kusema “siyo hapo, weka hapa”, mbegu itakaa vizuri, ila makisio yaliyopimwa ni ya mwalimu.

Ndivyo tulivyojifunza kutembea. Mwaka 2012 Karen Adolph na wenzake, watafiti wa New York, walichapisha hesabu ya hatua za watoto wachanga wakiwa wanacheza tu: kwa wastani hatua 2,368 kwa saa moja, na kuanguka mara 17. Hakuna mzazi anayempa mtoto huyo alama wala zawadi, na kesho yake anaamka kuendelea.

Zawadi zenyewe zina hila. Mwaka 1973 Mark Lepper na wenzake, huko Marekani, waliwachukua watoto wa chekechea waliokuwa tayari wanapenda kuchora. Wengine waliahidiwa cheti wakichora. Wiki chache baadaye, vyeti vikiwa havipo tena, hao walioahidiwa walichora kwa takriban nusu ya muda wa wenzao. Waliopewa cheti bila kuahidiwa hawakupungukiwa hamu. Kilichoua hamu ni mapatano: mtoto alianza kuchora kwa ajili ya cheti. Daktari Maria Montessori, aliyefungua darasa lake la kwanza katika mtaa maskini wa Roma Januari 1907, alikuwa amekwisha kuliona jambo hili kwa macho. Vifaa vyake vya mbao vilimwonyesha mtoto kosa vyenyewe, kama komafi linavyofanya, tena komafi halina bei: maji hulitupa ufukweni.

Na hisia je? Tazama watoto wanaocheza mdako. Mmoja hurusha kijiwe juu, huchota vingine kutoka kishimoni, kisha hudaka kile cha juu kabla hakijagusa ardhi. Akikosa, zamu imekwisha. Mkono wake unataka kurusha tena, uso umekunjamana, lakini akibisha sana wenzake wataondoka na mchezo utamfia mikononi. Kazi ya kujizuia hufanywa hasa na sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, ambayo huendelea kukomaa mpaka mtu anapita miaka ishirini. Inakomaa kwa kutumika. Mtu mzima akiamua kila ugomvi wa mdako, anayejizuia ni mtu mzima. Akigeuka kwenda zake, ugomvi uko palepale.

Lakini tusichanganye mtoto aliyeachiwa na mtoto aliyeachwa. Msimu wa mpunga, familia nyingi za Rufiji huhamia mashambani na kukaa kwenye madungu, vile vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, kulinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe. Watoto wakifuatana nao, madawati hubaki wazi. Wakibaki kijijini, wapo wanaojipikia na kulea wadogo zao. Kwa mikono wanajitegemea kweli. Mary Ainsworth, aliyewachunguza mama na watoto katika vijiji vya Uganda mwaka 1954 na 1955, aliona upande wa pili wa kujitegemea. Mtoto mwenye hakika na mama yake humwacha, hutambaa kwenda kuchungulia vitu, hurudi kidogo, huenda tena. Asiye na hakika hung’ang’ania, na kuchungulia hukoma. Mwili wenye wasiwasi huelekeza nguvu zake kwenye hatari. Habari za mwanya wa komafi hazina nafasi. Kwa hiyo mwalimu anayekaa pembeni hajaenda mapumziko. Yupo, anaonekana, na mtoto anajua akimwita ataitika.

Mtaala wa elimu ya awali Tanzania unazitambua kona za ujifunzaji, mahali mtoto anapochagua kifaa na kukifanyia kazi. Mimi sizipendi kona zilizopangwa vizuri mno, ambazo mtoto haruhusiwi kugusa vifaa visije vikaharibika kabla mgeni hajafika. Kifaa kisichochakaa hakijafundisha mtu. Kule Milwaukee, Marekani, Angeline Lillard na Nicole Else-Quest walilinganisha watoto walioingia shule ya Montessori kwa bahati nasibu na walioikosa. Matokeo, yaliyotoka mwaka 2006, yalionyesha kuwa wenye miaka mitano walioingia waliwazidi wenzao katika kutambua herufi, hesabu na kutumia haki kumaliza mzozo. Hawakuwa watoto wengi, na walimu wao hawakukaa kimya: kila kifaa kilionyeshwa kwanza kinavyotumika.

Maana yapo yasiyogundulika kwa kuachiwa. Herufi ni makubaliano ya watu. Mtoto akiigeuza b akaiona d, karatasi haimwonyeshi mwanya wowote. Lazima mwalimu amwambie, tena na tena, bila haya ya kuonekana anafundisha kizamani. Kosa huanza kujitangaza baadaye, mtoto akishasoma sentensi nzima katika lugha anayoielewa. Imeandikwa “Yule dada amesuka nywele”, yeye anasoma “Yule baba amesuka nywele”. Atasita, atacheka, atarudi mwenyewe kuitazama ile herufi, na mwalimu atapata nafasi ya kumwendea mwingine.