Mkopo wa Jiko Utalipwa na Nini?
Tupige hesabu kwanza. Tuseme mama hununua makaa ya shilingi 100 kwa siku, ya kupikia na kuchemsha maji ya kuoga. Jiko lenye udongo wa kuchomwa ndani likimpunguzia robo, anabakiza shilingi 25. Mkopo wa shilingi 1,500 bila riba ataumaliza kwa siku 60, mradi hizo 25 ziingie mkebeni kila jioni, siyo kwenye sukari.

Je, anayeokota kuni? Jiko bora la kuni litampumzisha mgongo na kupunguza moshi, lakini haliweki hata senti mfukoni. Hapo tulikosea sisi: tuliwakopesha wote sawasawa, wengine wakauza kuku ili walipe. Huyo afadhali anunuliwe jiko kwa zamu yake ya merigoraundi.

Swali la kujadili: Kwenu, ni wangapi hununua, na wangapi huokota?