ELISHA ALIACHA NG'OMBE ZAKE NAMNA GANI?

Somo kwa vijana na wazazi

Tusome kwanza: 1 Wafalme 19:19-21, Marko 1:16-20, Luka 14:28-30.



Somo hili limetoka katika ulizo la kijana mmoja wa parokia yetu hapa Lubumbashi. Aliliuliza mbele ya watu, nami nikamjibu vibaya. Sasa ninajibu mara ya pili, na mara hii kwa Maandiko.

1. ULIZO LENYEWE

Kijana huyo ana miaka 23. Baba yake alikwisha kufariki. Mama yake anauzisha makala, na nyuma yake kuna wadogo wawili wanaosoma. Yeye alikuwa fundi wa kutengeneza telefone sokoni, akilipwa kwa kila telefone anayoimaliza. Mwaka jana aliacha kazi hiyo ili acheze mchezo wa telefone unaoitwa Free Fire, usiku na mchana. Kwa wazee wasioujua: katika mchezo huo watu hamsini wanashuka katika kisiwa kimoja, kila mmoja akishika telefone yake pahali alipo, wanapigana, na anayebaki wa mwisho ndiye mshindi. Kuna mashindano yenye zawadi ya pesa. Kijana alisema hiyo ndiyo itakuwa kazi yake.

Katika mkutano wa vijana nilisema juu ya uvivu. Naye akasimama akasema: "Papa Shemasi, Elisha aliacha ng'ombe. Petro aliacha nyavu. Papa Simon Kimbangu aliacha kutafuta kazi Kinshasa akarudi Nkamba. Hao mnawaita watu wa imani. Mimi nikiacha kazi kwa sababu ya kipaji nilichopewa, mbona mnaniita mvivu?"

Watu walicheka. Mimi sikuwa na jibu, nikaona haya, nikasema: "Huo ni mchezo wa Shetani, kaa chini." Akakaa. Jumapili iliyofuata hakuja, na ile iliyofuata hakuja.

Wapendwa, mtu akiuliza kwa Maandiko anapaswa kujibiwa kwa Maandiko. Mimi nilimjibu kwa ushemasi wangu. Hilo ni kosa, na nilikwisha kumwomba radhi.

2. TUWATAZAME WALIOITWA

Tumtazame Elisha kwanza. Eliya alimkuta wapi? Hakumkuta amelala, wala hakumkuta amechoshwa na kazi. Alimkuta akilima, na jozi kumi na mbili za ng'ombe mbele yake, naye mwenyewe pamoja na ile ya kumi na mbili. Mwito ulimkuta kazini. Alipousikia, aliomba kwanza kwenda kuwaaga baba yake na mama yake. Hakutoka kwa siri.

Halafu alifanya jambo ambalo tunalisoma haraka na kulipita. Alichinja jozi ya ng'ombe, akapika nyama kwa miti ya kulimia, akawapa watu wakala. Ndipo akaondoka. Mnaona? Siku Elisha alipoacha kazi, watu walishiba. Na huko alikokwenda hakwenda kuwa mkubwa: 2 Wafalme 3:11 inatuonyesha kwamba alikuwa akimmiminia Eliya maji mikononi.

Sasa Yakobo na Yohana. Marko anasema walimwacha baba yao Zebedayo katika chombo pamoja na watu wa mshahara. Neno hilo dogo halikuandikwa bure. Mzee hakubaki peke yake na nyavu. Kulikuwa na mikono ya kuvuta. Na Petro? Katika sura ile ile tunamkuta nyumbani kwake, mama mkwe wake mgonjwa, na Bwana anaingia kumponya. Mwito wa Petro haukumpita mgonjwa wa nyumba yake.

Na Papa Simon Kimbangu je? Alisikia sauti mwaka 1918, naye hakuikimbilia, aliikimbia. Alikwenda Kinshasa kutafuta kazi ya mshahara. Alirudi Nkamba, na Aprili 1921 akaanza kuponya wagonjwa. Katika miezi michache tu alikamatwa, akakaa kifungoni miaka 30, mpaka alipokufa hapa hapa mjini kwetu, wakati ule ukiitwa Elisabethville, tarehe 12 Oktoba 1951. Nani atasema kwamba aliacha kazi kwa kutafuta sifa au raha?

Basi, alama za mwito wa kweli ni hizi tatu: unamkuta mtu kazini; unaweza kusemwa mchana mbele ya baba na mama; na watu wa nyumba hawabaki na njaa ili mmoja afuate moyo wake.

Kijana wetu alikuwa na kipaji kweli, lakini alitoka kwa siri. Mwezi mzima mama yake alidhani anakwenda sokoni, kumbe alikuwa kwa rafiki mwenye umeme. Binti mdogo alifukuzwa shuleni kwa sababu ya minerivali. Ng'ombe waliachwa, lakini hakuna aliyekula nyama.

3. SHAMBA NI LA NANI?

Kuna jambo la pili. Elisha alilima udongo, Petro alivua katika ziwa. Udongo na ziwa ni vya Mungu. Lakini mchezo wa telefone ni shamba lenye mwenyewe. Kampuni imeutengeneza, na kampuni inaweza kuufunga.

Tarehe 13 Desemba 2018 kampuni ya Blizzard ya Marekani ilitangaza kwamba mashindano makubwa ya mchezo wake uitwao Heroes of the Storm hayatakuwapo tena mwaka 2019. Kulikuwa na vijana waliokuwa wakiishi kwa mchezo huo, katika timu zenye mshahara. Kwa tangazo moja kazi yao ikaisha. Hawakuwa wavivu wala wajinga. Walikuwa hodari kabisa. Walikuwa wanalima shamba la mtu mwingine.

Na huo mchezo wa Free Fire wenyewe: Februari 2022 serikali ya India iliufunga katika nchi yake, pamoja na programu nyingine zaidi ya hamsini. Vijana wengi huko walikuwa wakiutegemea. Mchezaji hakuulizwa neno.

Hata zawadi hazikai. Mashindano makubwa ya mchezo uitwao Dota 2 yalikuwa na zawadi ya dola zaidi ya milioni 40 mwaka 2021. Mwaka 2023 zilikuwa zimeshuka mpaka kama milioni 3. Aliyeacha kazi yake akihesabu zile milioni 40, miaka miwili baadaye alihesabu nini?

Fundi wa telefone hayuko hivyo. Kampuni moja ikikufa, atatengeneza telefone za kampuni nyingine. Ujuzi wake unamfuata kila pahali.

4. KUHESABU GHARAMA

Kijana atasema: "Lakini wako waliofaulu." Ni kweli, na tusiseme uongo kwa kutetea ukweli. Mwaka 2019, kule New York, kijana wa Marekani mwenye miaka 16, Kyle Giersdorf, alishinda dola milioni 3 katika mchezo wa Fortnite. Lakini tuhesabu. Kampuni yenyewe ilisema watu zaidi ya milioni 40 walijaribu kuingia, na waliokaa katika viti vya mwisho vya wachezaji wa peke yao ni 100. Ni mtu mmoja katika watu laki nne. Mji wenye watu milioni mbili ungetoa watu watano tu, na katika hao mshindi mmoja hana hakika ya kuwamo. Tena kijana huyo alikuwa mwanafunzi aliyekaa kwa wazazi wake. Hakuna aliyemngoja mlangoni alete unga wa bukari.

Mwingine ni Daigo Umehara wa Japani, mchezaji wa Street Fighter, anayejulikana dunia nzima. Yeye, baada ya kupata sifa, aliuacha mchezo, na kwa wakati fulani alifanya kazi ya kuhudumia wazee katika nyumba ya wazee. Baadaye akaurudia mchezo, akashinda mashindano makubwa ya Marekani mwaka 2009, na mwaka 2010 kampuni ikaingia naye mkataba. Jina kubwa lilitangulia, mkataba ukafuata. Katikati ya hayo mtu huyo hakuona haya kulisha na kuosha wazee.

Mtume Paulo naye alikuwa na mwito kuliko sisi sote, lakini Matendo 18:3 inasema alikaa Korintho akishona hema. Mkono mmoja ulishika Injili, mkono mwingine ulishika sindano.

Mama wa kijana aliponijia akilia, nilikwenda kwao usiku. Sikuhubiri. Niliketi kando yake nikatazama. Mara ya kwanza alikufa akiwa wa nne kati ya hamsini. Mara ya pili wa kumi na moja. Mara ya tatu akabaki yeye peke yake, akanitazama, na mimi, wapendwa, nilipiga makofi. Telefone ilikuwa moto kama pasi.

Kisha nikamwambia: "Mwanangu, Bwana anasema anayetaka kujenga mnara aketi kwanza ahesabu. Leta daftari." Tukaandika miezi minne. Kununua mega: dola 60. Kuchaji kwa jirani umeme ukikosekana: dola 20. Kuingia katika mashindano tisa ya mtaa: dola 18. Jumla dola 98. Zilizoingia: dola 40 mara moja na dola 25 mara moja, jumla 65. Hasara dola 33. Halafu nikauliza: "Na kule sokoni ulikuwa unapata ngapi kwa mwezi?" Akasema kama 70. Hatukuandika tena. Alikaa kimya muda mrefu, akasema: "Papa Shemasi, mimi nilikuwa nahesabu zile nilizoshinda tu."

Wapendwa, nani kati yetu hahesabu hivyo?

5. NENO KWA WAZAZI, NA KWETU WATUMISHI

Wazazi, msivunje telefone. Mzazi mmoja alivunja ya mtoto wake kwa jiwe. Mtoto akaiba nyingine. Mchezo si dhambi kwa sababu ni mchezo. Mtume mwenyewe alichukua mfano wa wanaoshindana mbio (1 Wakorintho 9:24-25). Kaeni na mtoto, mwombeni awaonyeshe, kisha leteni daftari. Mtoto aliyeonewa haya mbele ya watu hatasikia hesabu yenu.

Na sisi tunaovaa mavazi ya kanisa, kipimo hiki kitupime na sisi. Wako ndugu walioacha kazi wakisema Roho amewaita, wanakaa katika kiwanja cha kanisa tangu asubuhi, na mke anabeba beseni sokoni ili wale. Tukimwambia kijana kwamba mwito wa kweli hauachi nyumba na njaa, naye akatuonyesha kidole hao ndugu, tutasema nini? Mtume alisema wazi kwamba asiyetaka kufanya kazi asile (2 Wathesalonike 3:10), na hakumtenga mwombaji wala mwimbaji.

MWISHO

Kijana alirudi sokoni. Fundi mkubwa alimpokea, lakini mwezi wa kwanza alimlipa nusu, naye akavumilia. Binti mdogo amerudi shuleni. Mchezo hakuuacha. Anacheza usiku mara tatu kwa juma, saa mbili mpaka saa nne, na mama yake anajua. Yeye na wenzake watatu walikuwa wa pili katika mashindano ya hapa mjini. Kama siku moja watakuja watu wenye mkataba wa kweli, wenye mshahara ulioandikwa, tutauketia pamoja na mama yake na kuusoma. Ikiwa atakwenda, atakwenda mchana, na watu wa nyumba wakiwa wamekula.

Somo hili amelisoma kabla yenu, akakubali lichapwe bila jina lake.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Kazi ninayotaka kuiacha, nani anakula kwa hiyo? Siku nikiiacha atakula nini?
2. Je, ninaweza kumwambia mama yangu leo, mchana, jambo ninalolifanya usiku?
3. Shamba ninalolilima ni la nani? Mwenyewe akilifunga kesho, mikononi mwangu kutabaki ujuzi gani?
4. Nimeandika zilizotoka pamoja na zilizoingia, au ninahesabu nilizoshinda tu?
5. Mzazi: mara ya mwisho niliketi lini kando ya mtoto wangu nikitazama anachokipenda?

Bwana atupe kazi ya mikono yetu, na mwito ukija utukute kazini. Amina.