SOMO LA KUKU: Kipima Joto na Jicho la Mfugaji

Kuku hawezi kumwambia mwenyewe kwamba anaona baridi. Mara nyingi mfugaji hujua asubuhi tu, akikuta vifaranga wamelaliana na wengine wamekufa. Siku hizi viko vyombo vya betri vinavyoweza kutuonya mapema. Somo hili laeleza namna ya kuvitumia katika nyumba ndogo ya kuku.

1. Joto
Nunua kipima joto cha tarakimu, kile kinachoweka kumbukumbu ya joto la juu na la chini tangu ulipokifuta. Chombo hiki chawafaa hasa wenye mashamba katika skimu za nchi ya baridi, kama Kinangop, kwa sababu saa mbaya ni zile za alfajiri, mfugaji akiwa amelala.

Kitundike pale vifaranga walalapo, usawa wa migongo yao, si usawa wa macho yako. Juma la kwanza wahitaji digrii 32 hadi 35 za Sentigredi. Punguza kama digrii 3 kila juma mpaka ufikie 21. Kila asubuhi soma, andika, kisha ufute. Ukiona joto lilishuka mno usiku, tafuta upepo unakoingia chini, na uongeze moto jioni. Lakini usizibe matundu ya juu: hewa ya makaa huua kuku na watu.

2. Watazame vifaranga
Wakisongamana penye jiko, wanaona baridi. Wakikimbilia ukutani na kutweta, joto limezidi. Wote wakiwa upande mmoja, kuna upepo. Wakitawanyika sawasawa na kula, hali ni njema. Ikiwa tarakimu yasema vizuri lakini vifaranga wamelaliana, waamini vifaranga, kisha kague chombo na mahali ulipokitundika.

Huko Uingereza, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Oxford waliipa kompyuta kazi hii hii ya kutazama. Kamera huangalia mwendo wa kundi zima, wala si wa kuku mmoja mmoja. Mwaka 2016 walieleza kwamba makundi yenye vijidudu vya Campylobacter yaliweza kutambuliwa kwa mwendo wao vifaranga wakiwa na umri wa siku 7 hadi 10 tu. Basi mwendo wa kuku ni habari, hata kwa asiye na kamera.

3. Maji
Kwa kawaida uzito wa maji anayokunywa kuku ni karibu mara mbili ya uzito wa chakula chake, na siku za jua kali huzidi. Pima maji kwa ndoo yenye alama za lita, uandike hesabu katika simu yako kila siku. Yakipungua ghafula, kwanza kagua kama vyombo ni safi na maji yafika. Kama ni sawa, shuku ugonjwa. Watenge walio dhaifu, ukamwite Afisa wa Mifugo siku hiyo hiyo.

Kumbuka: chombo hutoa habari tu. Kuongeza moto, kuziba upepo na kumwita daktari ni kazi yako.

Jiulize
(a) Kipima joto chako kimetundikwa usawa gani?
(b) Jana usiku joto lilishuka mpaka digrii ngapi?
(c) Kuku wako walikunywa lita ngapi jana, na juzi je?