Bibi na Babu Wakialikwa Disney: Mwangalieni Anayenyamaza

SWALI: Daktari, binti yetu anaishi Marekani, na mwezi Julai ametualika mimi na baba yake. Anataka sote twende Orlando, Florida, kwenye bustani za burudani za Walt Disney World, pamoja na wajukuu wetu wawili. Mkubwa ana miaka minne, mdogo miezi kumi. Mimi nina miaka 66 na ninatumia dawa za presha. Mzee ana miaka 72, ana kisukari, na magoti yanamsumbua. Hatutaki kuwa mzigo wala kuwaharibia watoto safari yao. Tujiandae vipi? — Mama wa Morogoro

JIBU: Shikamoo mama. Katika barua yako kuna maneno yaliyonishtua kuliko presha na kisukari: kwamba hamtaki kuwa mzigo. Mtoto wa miaka minne akichoka atalia, atajitupa chini, na kila mtu atajua. Mtu mzima wa kwetu akichoka hunyamaza. Binti atauliza, “Mama, uko sawa?” Utajibu, “Sijambo, twendeni,” huku kichwa kinakugonga. Utaacha hata kunywa maji ili usiwasimamishe wenzako kutafuta choo. Kwa joto la Florida, ukimya huo ni hatari kweli.

Julai mchana Orlando hufika nyuzi joto 33 hivi, tena kwa unyevu mwingi unaofanya jasho lisikauke. Jasho lisipokauka, mwili haupoi. Bustani zenyewe ni nne, na kila moja ni kubwa. Mtu anaweza kutembea kilomita 10 au zaidi kwa siku moja, juu ya lami na zege, ukiongeza kusimama kwenye foleni. Umri nao hupunguza hisia ya kiu, kwa hiyo mwili wako unaweza kuwa umepungukiwa maji kabla hujatamani hata funda moja. Kama miongoni mwa dawa zako za presha kuna ile inayokufanya ukojoe mara kwa mara, hatari inaongezeka. Usiiache kwa uamuzi wako mwenyewe. Nenda kliniki mapema, mweleze daktari wako unakokwenda na hali ya hewa ya huko, akuelekeze.

Ninachowaomba ni hiki: mpigie binti yako simu wiki hii, kabla hajapanga ratiba, umwambie ukweli wote kuhusu magoti ya baba yake na dawa zako. Kisha siku igawanywe mara mbili. Ingieni bustanini milango inapofunguliwa asubuhi, na ikifika saa 5 mrudi hotelini. Mle, mlale, na mkitaka mrudi tena kuanzia saa 11 jioni. Mchana wa Julai huko mara nyingi huwa na mvua na radi, na michezo ya nje husimamishwa, kwa hiyo hamtakosa mengi. Na mtoto wa miezi kumi anauhitaji usingizi huo wa mchana sawasawa na babu yake. Najua tiketi ni ghali na wazazi vijana hutaka kuitumia mpaka dakika ya mwisho. Wavumilie, lakini usikubali.

Maji yasiwe tatizo. Vibanda vya vyakula vya haraka ndani ya bustani hutoa glasi ya maji ya barafu bila malipo ukiomba, na vyoo viko kila upande. Kila bustani pia ina kituo cha huduma ya kwanza, ambako mnaweza kupumzika kwenye ubaridi na hata kuwekewa dawa inayohitaji jokofu, kama insulini. Mtu akianza kutoka jasho jingi, kuona kizunguzungu, kusikia kichefuchefu au kukaza misuli, apelekwe kwenye ubaridi na apewe maji taratibu. Akianza kuchanganyikiwa, kuongea ovyo au kuzimia, hiyo ni dharura: pigeni 911, na wakati mnasubiri mmwagieni maji, mpepeeni, mwekeeni barafu shingoni na makwapani. Msimnyweshe kitu mtu ambaye hana fahamu zake.

Kuna jambo moja la khanga. Bibi mwenye mapenzi, akiona jua linampiga mjukuu kwenye kigari, hufungua khanga akakifunika chote. Usifanye hivyo. Hewa inakwama ndani, joto linapanda haraka, na mtoto unakuwa humwoni. Mtafutieni kivuli, mvalisheni kofia pana na nguo nyepesi, na mtazameni uso mara kwa mara. Anyonye mara nyingi kuliko kawaida.

Kwa mzee, ninashauri kiti cha magurudumu, na nasema hivi nikijua atakataa. Hukodishwa bustanini. Mwambie hakuna anayemwona mgonjwa. Atatembea anapotaka na kuketi anapochoka, na jioni atakuwa bado ana nguvu ya kucheka na wajukuu. Kutembea sana hushusha sukari, hasa kwa anayetumia insulini au glibenklamidi, kwa hiyo awe na pipi au juisi mfukoni na asiruke mlo. Viatu avivae wiki kadhaa kabla ya safari ili vimzoee. Kila usiku miguu yake ikaguliwe, nyayo na kati ya vidole, kwa sababu mwenye kisukari anaweza kupata lengelenge asihisi maumivu.

Michezo ya kasi yenye kupanda na kuporomoka haiwafai watu wenye presha, moyo, mgongo au shingo, na mabango mlangoni yanasema hivyo. Mjukuu wenu naye atazuiwa kwa kimo: Space Mountain, kwa mfano, hutaka sentimita 112. Hapo wazazi wanaruhusiwa kupokezana, mmoja abaki na mtoto, kisha mwenzake akitoka, naye aingie bila kupanga foleni upya. Waambieni watumie utaratibu huo. Isiwe kila mara bibi ndiye anayeachwa juani na watoto wawili. Panda nao treni za polepole na mashua, na mtembelee kijiji cha Harambe ndani ya bustani ya Animal Kingdom, kilichojengwa kwa mfano wa Lamu, chenye mabango ya Kiswahili. Mjukuu amsikie babu yake akimsomea. Gari la safari la hapo hurukaruka, hivyo mwenye mgongo mbovu afikiri kwanza.

Hotelini, ogopeni bwawa la kuogelea. Marekani, watoto wa mwaka mmoja hadi minne hufa zaidi kwa kuzama kuliko kwa sababu nyingine yoyote, na watu wazima wakiwa wengi kila mmoja hudhani mwenzake anatazama. Taja jina la mwenye zamu, naye aweke simu kando.

Mdogo wa miezi kumi huenda bado hajachanjwa surua, kwa kuwa kule dozi ya kwanza hutolewa kuanzia miezi 12. Mlipuko wa surua uliohusishwa na bustani ya Disneyland, California, mwishoni mwa 2014 uliambukiza zaidi ya watu 100. Mama yake amwulize daktari wa watoto kuhusu kinga kabla ya safari.

Ndani ya ndege, inukeni mtembee kila baada ya saa moja au mbili mkiwa macho, damu isigande miguuni. Dawa zote zikae kwenye mkoba wa mkononi, katika pakiti zake, pamoja na barua ya daktari. Saa za Florida ziko nyuma yetu kwa saa saba mwezi huo, kwa hiyo mzee apangiwe upya muda wa dawa zake kabla ya kuondoka. Nunueni bima ya afya ya safari inayokubali magonjwa mliyonayo tayari, kwa kuwa matibabu ya huko yanaweza kuifilisi familia.

Na yeyote kati yenu akipata homa wiki za mwanzo baada ya kufika, asisingizie uchovu wa ndege. Aende hospitali siku hiyohiyo, aseme ametoka Tanzania na aombe kipimo cha malaria. Madaktari wa kule huiona mara chache, na wanaweza wasiifikirie msipoitaja.